Kiazi cha kijani, mnavu mchungu, tumbaku: hawa ndugu sumu yao wanaitoa wapi?

#1 MamaTatu_Mbalizi
Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Nilinunua gunia la viazi mviringo kwa mfanyabiashara mmoja pembeni mwa barabara. Vya juu vizuri kabisa. Tulipofika katikati nikakuta vingine vina kijani upande mmoja kama vimepakwa rangi, vichache macho yameshaanza kuchipua. Nikamenya harakaharaka, nikachanganya na maharage. Mwanangu wa kati akasema, "Mama, vinawasha koo." Nikamwambia aache kudeka, ale. Usiku ule wawili walitapika na kuharisha mpaka alfajiri. Mimi niliyekula kidogo tumbo lilisokota tu. Bado namwona yule mtoto na sahani yake.

Asubuhi nilichukua kimoja kibichi, nikakipasua, nikagusa kwa ncha ya ulimi pale penye kijani. Ni uchungu unaoganda nyuma ya ulimi na kuchoma kidogo. Zahanati waliniambia ni sumu ya viazi, basi, nikarudi nyumbani na watoto wakapona.

Maswali yangu: jua ndilo linaloweka sumu, au kiazi kinaitengeneza chenyewe? Mama mkwe anasema huo uchungu ndio ule ule wa mnavu, na kwamba hata tumbaku ni ukoo mmoja. Kama ni hivyo, mbona mnavu tumekula tangu utoto?

#2 Fundi_Chipsi
Pole mama. Ila mimi nakaanga mwaka wa 11 huu, vya kijani vinapita kila siku. Mafuta ya moto yanaua kila kitu. Tatizo lako ni kuchemsha.

#3 Mwalimu_wa_Bayo
Pole sana dada, na watoto wape pole.

Fundi hapo #2, naomba usiendelee hivyo. Sumu yenyewe inaitwa solanini, na iko na pacha wake anaitwa chakonini. Si vijidudu, kwa hiyo haziuawi kwa kuchemshwa. Hazianzi kuvunjika vizuri mpaka joto lipite nyuzi 170. Mafuta yako yanaweza kufika hapo, lakini ndani ya kipande cha kiazi kuna maji, na palipo na maji joto linagota kwenye nyuzi 100. Ganda la nje linapungukiwa kidogo, nyama ya ndani inabaki na chake.

Swali la kwanza: kiazi kinaitengeneza chenyewe. Jua linakiamsha tu. Na ile rangi ya kijani si sumu, ni klorofili kama ya mchicha. Mwanga unawasha vitu viwili kwa pamoja: klorofili na solanini. Vinakwenda sambamba lakini kila kimoja kina njia yake. Ndiyo maana kiazi kilichopigwa jembe au kudondoka kinaweza kuongeza sumu gizani bila kuwa kijani hata kidogo. Ulimi wa mtoto ulikuwa kipimo kizuri kuliko macho.

#4 Mkulima_Uporoto
Mwalimu kasema kweli. Niongeze ya shambani. Kiazi hakipaswi kuona jua tangu kinazaliwa mpaka kinaingia sufuriani. Ndiyo maana tunapandishia udongo kwenye matuta mara mbili. Mvua ikichimbua tuta, kiazi kinachungulia, upande uliochungulia unakuwa kijani. Dada anasema "kijani upande mmoja", hiyo ni alama ya shambani au ya kukaa juu ya gunia.

Halafu kuna lumbesa. Gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, juu limefungwa kwa wavu, linapigwa jua barabarani siku nne. Kile kichwa chote kinageuka.

#5 Binti_Moro
Mkulima, lakini yeye kasema vya juu vilikuwa vizuri, vibaya vilikuwa KATIKATI. Lumbesa ingeharibu vya juu.

#6 Mkulima_Uporoto
Binti umenikamata. Basi hilo gunia limechanganywa. Aliyefungasha kaficha vibaya katikati, juu kaweka vya kushawishi. Na nina wasiwasi mkubwa zaidi: inawezekana hivyo ni mbegu.

Kwa wasiojua: mbegu ya kiazi tunaiweka makusudi kwenye ghala la mwanga hafifu, juu ya vichanja, mpaka iwe kijani. Mwanga unafanya machipukizi yawe mafupi, manene, hayakatiki wakati wa kupanda. Na uchungu ule unaifaa. Sasa msimu ukipita mbegu ikabaki, kuna wasio na roho wanaichanganya na ya kula.

#7 Nesi_wa_Zamu
Mimi naomba tusikimbie. Sumu ya viazi ipo, dalili zake ni hizo hizo: tumbo, kutapika, kuharisha, kichwa, ukizidiwa unasinzia na kuchanganyikiwa. Lakini ni dalili za vitu vingi. Maharage yaliyolala, mafuta, maji ya kisima, vyote vinatapisha. Dada, maharage yalikuwa ya siku hiyo?

#8 MamaTatu_Mbalizi
Ya jana yake, dada nesi. Niliyachemsha tena, lakini sikuyachemsha sana.

#9 Nesi_wa_Zamu
Ndiyo hapo. Siwezi kukwambia ni kipi.

#10 Mwalimu_wa_Bayo
Hoja ya nesi nzuri, lakini maharage yaliyolala hayawashi koo.

Tupige hesabu. Kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni miligramu 200 za sumu hizo kwa kilo moja ya viazi vibichi. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2020 walichukua miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kuwa ndiyo kiwango cha chini kinachoanza kuleta dalili. Mtoto wa kilo 20 inatosha miligramu 20. Kama viazi viko pale pale kwenye kikomo, hiyo ni gramu 100 tu, yaani kiazi kimoja. Na sehemu ya kijani huwa imevuka kikomo. Mama kala kidogo na ana mwili mkubwa, kasokotwa tu. Watoto wamekula sahani nzima. Inaendana.

London mwaka 1969 wavulana 78 wa shule moja waliugua namna hiyo kwa viazi vilivyobaki tangu muhula uliopita. 17 walilazwa. Wote walipona.

#11 Fundi_Chipsi
Mwalimu nimekusoma mara mbili. Swali: nikimenya je?

#12 Mwalimu_wa_Bayo
Kumenya ndiko kunakosaidia hasa. Sumu nyingi iko kwenye ganda na milimita moja au mbili chini yake, na kwenye macho. Menya nene, chimba jicho lote, palipo kijani kata mpaka uone nyama nyeupe. Kikiwa kijani nusu nzima, tupa.

#13 Fundi_Chipsi
Sawa. Kesho nakaa mimi mwenyewe na yule kijana anayemenya.

#14 Mzee_wa_Urambo
Nawasalimu wote. Mama mkwe wako ana akili, msikilize. Tumbaku, kiazi, nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili, mnavu, na yule mnanaha wa jalalani mwenye tunda la miiba, wote ukoo mmoja. Tazama maua yao: petali tano zimeungana, na ya mnavu, kiazi na ngogwe yana kidomo cha njano katikati.

Nimelima tumbaku miaka 30. Jani likishafika urefu tunakata ua la juu. Ukiacha ua, jani linabaki jepesi kama karatasi. Ukikata, wiki mbili hazipiti jani linakuwa nene, linanata, ukilipitisha mkononi linaacha gundi nyeusi mpaka unasugulia mchanga. Nguvu iliyokuwa iende kwenye mbegu inarudi kwenye jani na kugeuka nikotini. Jani ndilo linalotengeneza.

#15 Binti_Moro
Shikamoo mzee. Yote kweli, isipokuwa neno la mwisho. Nikotini haitengenezwi kwenye jani. Inatengenezwa kwenye MZIZI.

Miaka ya 1940 kule Marekani walifanya jaribio zuri sana la kuunganisha mimea. Walichukua kilele cha tumbaku wakakipandikiza juu ya shina la nyanya: majani ya tumbaku yakaota vizuri, nikotini hakuna. Wakageuza, kilele cha nyanya juu ya mzizi wa tumbaku: majani ya NYANYA yakajaa nikotini. Kwa hiyo mzizi unapika, maji yanayopanda kwenye shina yanabeba, jani linapokea na kufungia kwenye vifuko vya ndani ya seli.

Ukikata ua, jeraha linatuma ujumbe. Kuna homoni inaitwa jasmoneti, inapatikana jani likiliwa na kiwavi au likikatwa. Taarifa inashuka mpaka mizizini: tumejeruhiwa, ongezeni. Mizizi inaongeza. Mzee ulikuwa unaudanganya mmea kwamba umeliwa.

#16 Mzee_wa_Urambo
Marahaba binti. Miaka 30 nikiona mkono wangu unafanya kazi, kumbe kazi ilikuwa chini ya ardhi. Na kule kuumwa wakati wa kuvuna majani yenye umande, kichwa kinazunguka, mtu anatapika kabla hajafika kwenye bani la kukaushia?

#17 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mzee. Hiyo ni nikotini inapita kwenye ngozi. Umande unaiyeyusha, shati likilowa linaishika mwilini. Wavunaji wasubiri umande ukauke, wavae mikono mirefu, na watoto wasibebeshwe majani mabichi.

#18 Mwana_Kisii
Hamjambo wadau, natoka upande wa Kenya. Mnavu huko kwenu, kwetu ni rinagu, Wakikuyu wanaita managu, Waluo osuga. Hiyo mboga imetulea, naomba isisemwe vibaya.

Nyanya yangu, yaani bibi, anaichemsha, anamwaga maji ya kwanza, halafu anaweka maziwa na kuiacha chunguni mpaka kesho yake. Ikilala inakuwa tamu. Wamama wengi wanataka ile chungu, wanasema ndiyo dawa ya tumbo. Kwa hivyo ni sumu ama ni dawa?

#19 Binti_Moro
Karibu Mwana_Kisii. Ni mboga, na ni mboga nzuri. Kuna mambo mawili yanachanganywa. Kuna mmea wa Ulaya, Atropa belladonna, una tunda jeusi linalong'aa na unaua kweli. Watu wakitafsiri majina ya Kizungu kwenye simu wanaangukia huo na kuogopa mnavu wetu. Ni ndugu, lakini si yeye.

La pili, mnavu wetu nao ni aina kadhaa. Ule wa majani mapana unaouzwa sokoni ni Solanum scabrum, umechaguliwa na mama zetu vizazi na vizazi, na pale Tengeru, Arusha, watafiti wa mboga wameuendeleza. Una uchungu mdogo. Ule wa mwituni wenye majani madogo una mwingi. Kwa wote, sumu nyingi iko kwenye tunda BICHI, la kijani. Likiiva inapungua sana.

#20 Mkulima_Uporoto
Sisi wachunga ng'ombe tulikuwa tunakula yale meusi mpaka meno yanakuwa zambarau. Kijani hakuna aliyegusa. Hakuna aliyetufundisha pia.

#21 Mama_wa_Bustani
Mnavu wangu wa kiangazi ni mchungu kuliko wa masika, mbegu ile ile, kitalu kile kile. Nikichelewa kuchuma, uchungu unazidi. Kwangu ni ukame unaotengeneza, si wadudu.

#22 Mwana_Kisii
Kwetu wanasema ni mbolea. Shamba la samadi nyingi, managu tamu. Shamba lililochoka, chungu.

#23 Mzee_wa_Urambo
Kwa tumbaku ni kinyume. Ukizidisha mbolea ya chumvichumvi jani linakuwa kali.

#24 Binti_Moro
Hapo mzee uko sawa kwa nikotini, kwa sababu ndani yake kuna naitrojeni na mbolea hiyo ni naitrojeni. Lakini alkaloidi (ndizo hizi kemikali chungu zenye naitrojeni) za mnavu na kiazi zinapikwa kwa njia nyingine kabisa, kwa hiyo si lazima zifuate mbolea namna moja. Mwalimu eleza ile ya kolesteroli, utaieleza vizuri kuliko mimi.

#25 Mwalimu_wa_Bayo
Naikubali kazi. Someni polepole, ni jambo ninalolipenda sana na darasani dakika 40 hazinitoshi.

Alkaloidi za ukoo huu hazitoki jiko moja. Kuna majiko matatu.

Jiko la kwanza liko mizizini. Mmea unachukua asidi amino iitwayo ornithini, unaigeuza kuwa putresini. Kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali, kinaibandika kipande kidogo cha kaboni. Inapinda, inakuwa pete. Hapa njia inagawanyika. Tumbaku inaiunganisha pete hiyo na pete nyingine inayotoka kwenye njia ile ile inayotengeneza niasini, vitamini yetu ya B3, na inapata nikotini. Mnanaha unaanza na pete ile ile, unaipeleka kwingine, unapata hiosiamini, kisha kimeng'enya kingine kinaikamilisha kuwa skopolamini.

Jiko la pili ni la kiazi, nyanya, bilinganya na mnavu. Hapa malighafi ni kolesteroli. Mmea unaikata hapa, unaiongeza oksijeni pale, unaipachika naitrojeni, halafu unaivalisha sukari tatu au nne. Kwa solanini ni tatu: galaktosi, glukosi na ramnosi. Sukari hizo si za utamu: zinafanya sumu iyeyuke majini na ihifadhike bila kumdhuru mwenyewe. Nyanya zilizozuiwa kuvalisha sukari hizo zimedumaa.

Jiko la tatu ni la pilipili, nalo limo ndani ya tunda. Nitarudi.

#26 Dereva_wa_Tunduma
Mwalimu samahani, kolesteroli kwenye mmea? Nina dumu la mafuta ya alizeti hapa limeandikwa HALINA kolesteroli. Mimea haina hiyo kitu. Hiyo ni ya nyama.

#27 Mwalimu_wa_Bayo
Swali zuri sana dereva. Mimea mingi inayo, ila chembe ndogo mno, haihesabiki kwenye dumu. Ukoo huu una kimeng'enya cha ziada kinachoelekeza malighafi kwenye kolesteroli badala ya zile steroli za kawaida za mimea. Watafiti wa Japani walikionyesha kwenye kiazi mwaka 2014: ukikizima, sumu ya kiazi inashuka sana na mmea unaendelea kuota. Nayo haikai kwenye kiazi ikiwa kolesteroli, inapita tu kwenda kuwa solanini.

#28 Binti_Moro
Na mwaka 2013 timu ya Taasisi ya Weizmann, Israeli, ilikuta jeni nyingi za kazi hii zimekaa jirani kwa jirani kwenye kromosomu, kundi moja kwenye ya 7 na lingine kwenye ya 12, kwa kiazi na nyanya vilevile. Mimi ndilo lililonifanya niipende fani hii. Ni kama mafundi wa jiko moja wamejenga mtaa mmoja.

#29 Dereva_wa_Tunduma
Nimeelewa. Kumbe dumu halijanidanganya na mwalimu hajanidanganya.

#30 Mama_wa_Bustani
Kwa hiyo nyanya mbichi nazo? Mimi napika nyanya za kijani kwenye samaki!

#31 Mwalimu_wa_Bayo
Nyanya mbichi ina tomatini. Ikiiva, mmea wenyewe unaigeuza kuwa kitu kingine kisicho kichungu. Vipande vichache kwenye mchuzi wa samaki si neno. Bakuli zima la nyanya changa za kijani, sikushauri. Majani yake usipike kabisa.

#32 Nesi_wa_Zamu
Mmemtaja mnanaha mkampita haraka. Mimi naomba tusimame hapo, kwa sababu huyo ndiye anayenitoa jasho zamu ya usiku.

Aliletwa kijana wa miaka kama 9. Kifua cha moto na kikavu, midomo imepasuka, mboni za macho zimefunguka hadi rangi ya jicho haionekani, anaokota vitu hewani, anaongea na watu wasiokuwepo. Wazazi walikuwa wametoka kwa mganga, wameambiwa karogwa. Mdogo wake ndiye aliyetoa siri: wamecheza jalalani, wakavunja tunda la miiba, kaka akala mbegu. Alipona baada ya siku mbili.

Si hadithi ya jalalani tu. Usangi kule Upare watu walilazwa kwa chakula kilichoingiwa na mnanaha, taarifa ikachapishwa mwaka 1991. Na mwaka 2019 Karamoja, Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafariki, kwenye unga wa uji wa msaada mlikuwa na hiosiamini na skopolamini. Mmea unaota katikati ya soya au mahindi, unavunwa pamoja nayo, mbegu zinasagwa. Pepeteni nafaka.

Lakini sumu hiyo hiyo naishika mkononi kama dawa. Atropini inatokana na hiosiamini. Akiletwa mpulizaji aliyelewa dawa ya wadudu shambani, anatoka mate na povu, mapafu yanajaa maji, namchoma atropini na kurudia mpaka kifua kikauke.

#33 Binti_Moro
Nesi, na hapo pana jambo la ajabu. Solanini ya kiazi inazuia kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na dawa nyingi za wadudu. Hiosiamini ya mnanaha inaziba mlango upande wa pili. Yaani ndugu wawili wa ukoo mmoja: mmoja anapandisha ujumbe wa neva, mwingine anaushusha.

#34 Mzee_wa_Urambo
Wazee wa pumu walikuwa wanavuta majani ya mnanaha makavu. Kifua kinafunguka. Nimemwona babu yangu akifanya.

#35 Nesi_wa_Zamu
Kweli inafungua kifua mzee, ila kipimo chake hakishikiki, jani hili na jani lile haviko sawa. Leo kuna dawa ya kuvuta isiyo na hatari hiyo.

#36 Mkulima_Uporoto
Nimefikiria kitu. Sisi tunaunganisha nyanya juu ya shina la bilinganya ili kukwepa mnyauko. Kama mizizi ya tumbaku inapeleka nikotini kwenye nyanya, mtu akiunganisha nyanya juu ya mnanaha?

#37 Binti_Moro
Ilishatokea. Familia moja Tennessee, Marekani, miaka ya 1960 ilipandikiza nyanya juu ya mnanaha kwa sababu ni mgumu, wakala matunda, wakapata dalili kama zile alizozitaja nesi. Bilinganya usiogope, jiko lake si la mizizini namna hiyo, na tunaunganisha miaka yote. Tumbaku na mnanaha, USIJARIBU.

#38 Kijana_Chake
Asalaam aleikum. Mwalimu uliahidi pilipili. Huku kwetu Pemba hatuwezi kulala.

#39 Mwalimu_wa_Bayo
Waaleikum salaam. Ukali wa pilipili ni kapsaisini. Watu wanadhani uko kwenye mbegu. Pasua pilipili mbuzi utazame ile nyama nyeupe iliyoshika mbegu: ndiko inakotengenezwa, mbegu zinapakaziwa tu. Nusu moja inatoka njia ile ile inayotoa vanila, nusu nyingine ni kipande cha mafuta. Hoho ile jeni ya kuviunganisha imeharibika, ndiyo maana haina ukali.

#40 Kijana_Chake
Hoho haina ukali? Mwalimu, kwa wazee wetu pilipili hoho ndiyo KALI. Hiyo mnayosema nyinyi sisi twaita pilipili boga.

#41 Fundi_Chipsi
Uzi umeingia pilipili sasa ndiyo umekuwa wangu. Na pilipili manga?

#42 Mwalimu_wa_Bayo
Kijana wa Chake, kamusi za zamani ziko upande wako, nimekubali. Manga si wa ukoo huu hata kidogo, ni mmea mwingine na kemikali nyingine. Jina tu limewakutanisha.

#43 Binti_Moro
Mwalimu, kapsaisini ni alkaloidi? Naitrojeni yake haimo ndani ya pete. Mkemia wangu wa chuo alikataa kabisa.

#44 Mwalimu_wa_Bayo
Wangu alikubali. Vitabu vimegawanyika, na mimi nitaendelea kufundisha kama alkaloidi.

#45 Mama_wa_Bustani
Mmeeleza wanapikaje. Hamjaeleza KWA NINI. Mimi bado niko kwenye ukame wangu.

#46 Mkulima_Uporoto
Wadudu, mama. Kiazi pori ni kichungu, cha kwetu tumekipunguza uchungu ndiyo maana tunapuliza dawa kila wiki. Marekani walitoa aina moja ya kiazi, Lenape, mwaka 1967, nzuri kwa krispi. Mwaka 1970 wakaiondoa, sumu ilikuwa juu mno. Uliazimwa uimara wa pori, ukaja na uchungu wa pori.

#47 Kijana_Chake
Pilipili si wadudu, ni ndege. Ndege kama kwezi anakula pilipili kichaa nzima bila kutikisika, anakwenda kuidondosha mbegu mbali. Panya akila analia, tena angeisaga mbegu. Pilipili imechagua msafiri wake.

#48 Binti_Moro
Hiyo ya ndege ina ushahidi mzuri, neva zao hazishtuliwi na kapsaisini. Lakini kule Bolivia, kwenye pilipili pori, waliona jingine: kuna wadudu wanatoboa tunda, kwenye tundu inaingia kuvu na kuoza mbegu. Penye kuvu zaidi, pilipili kali ni nyingi zaidi. Na penye ukavu, kali ni chache! Hapo mama wa bustani, kwa pilipili pori ukame unaonekana kuvuta upande mwingine na mnavu wako.

#49 Mama_wa_Bustani
Pilipili ni pilipili, mnavu ni mnavu. Njoo Agosti nikuchumie uonje.

#50 Mzee_wa_Urambo
Nilifundishwa na bwana shamba zamani kwamba hayo ni makapi. Mmea hauna choo, naitrojeni ya ziada unaiweka kwenye majani.

#51 Mwalimu_wa_Bayo
Ndivyo vitabu vya zamani vilivyosema, mzee. Ila makapi huyapeleki juu ukikatwa ua, wala huyavalishi sukari tatu.

#52 Mzee_wa_Urambo
Na mbolea inayozidisha ukali? Hilo mwalimu hujanijibu.

#53 Mwana_Kisii
Jirani zetu karibu na mbuga wanapaka pilipili na oili chafu kwenye kamba za katani, ndovu wanarudi. Kwa hivyo ni wadudu, ndege, kuvu, ama ndovu?

#54 MamaTatu_Mbalizi
Nimesoma yote, asanteni mno. Watoto wazima, wameenda shule. Leo nimemwaga gunia lote sakafuni. Vyeupe nimefunika kwa gunia jeusi stoo. Vya kijani ni kama debe moja na nusu, vingi vina macho mafupi, manene, yamekaza, rangi ya zambarau. Mkulima, hizi ni mbegu?

#55 Mkulima_Uporoto
Macho mafupi manene ya zambarau? Dada, hizo zimekaa kwenye kichanja cha mwanga. Kilichochipulia gizani kingekuwa na chipukizi refu jeupe kama uzi. Mimi naona ni mbegu.

#56 Nesi_wa_Zamu
Na maharage yalikuwa ya jana. Naliacha hapo.

#57 MamaTatu_Mbalizi
Nina kipande nyuma ya nyumba. Nikizipanda, viazi vitakavyozaliwa vitakuwa vichungu?

#58 Binti_Moro
Hapana. Kiazi kipya kinaanza upya chini ya udongo, ukijani wa mbegu haurithiwi.

#59 Mama_wa_Bustani
Ukivinyima maji mwezi wa nane utaona.

#60 Mkulima_Uporoto
Panda dada. Chipukizi litazame juu, futi moja kati ya shimo na shimo, na likifika kimo cha kiganja upandishie udongo, kisha urudie baada ya wiki tatu. Kila mvua ikinyesha zungukia tuta. Kikichungulia hata kimoja, kifunike siku hiyo hiyo.